Ghala la Protini Lisilo na Kiingilio: Tathmini ya Protein Data Bank kwa Mwalimu wa Biolojia wa Unguja

Kwa mwalimu wa biolojia wa kidato cha tano na cha sita aliyechoka kuchora herufi Y ubaoni na kuwaambia wanafunzi kwamba hiyo ndiyo kingamwili, yaani protini ambayo mwili huitumia kushika vijidudu, sijaona huduma ya bure inayofaa kuliko Protein Data Bank, ambayo wanaoitumia huiita PDB kwa kifupi. Nasema hivyo baada ya kuitumia kufundishia mada ya kinga ya mwili katika skuli moja ya hapa mjini, tena kwa vifaa ambavyo skuli zetu nyingi zinavyo: kompyuta ya mkononi ya mwalimu mwenyewe, projekta inayoazimwa baina ya madarasa, na bando la simu ambalo ndilo linalogeuzwa intaneti ya darasa zima. Hata hivyo huduma hii haikutengenezwa kwa ajili ya skuli, na mwalimu anayeingia humo bila ya kujiandaa anaweza kutoka na picha za kupendeza ambazo zimewafundisha wanafunzi wake jambo lisilo sahihi. Kwa hiyo sifa nitakazoitolea hapa zinakwenda pamoja na tahadhari, na baadhi ya tahadhari hizo ni nzito.

PDB ni ghala la miundo ya molekuli za viumbe hai, hasa protini, iliyopimwa kwa majaribio hadi ikajulikana kila atomu imekaa wapi. Lilianzishwa mwaka 1971 katika maabara ya Brookhaven huko New York likiwa na miundo 7 tu, na leo limeshapita miundo 200,000. Kila muundo hupewa alama ya herufi na tarakimu 4, kama vile 1HZH, na mtu akishaijua alama hiyo hahitaji tena kuhangaika na utafutaji. Ghala lina milango mitatu mikubwa, mmoja Marekani, mmoja Uingereza kwa niaba ya Ulaya, na mmoja Japani, lakini data zilizomo ni zile zile. Mimi nimeutumia zaidi ule wa Marekani, na maelezo yangu yanauhusu huo. Hakuna kujisajili, hakuna malipo, hakuna matangazo ya biashara yanayoruka mbele ya macho, na hakuna haki miliki inayomzuia mwalimu kuzichapisha picha hizo na kuzigawa darasani.

Huduma ya aina hii haipimwi kwa kubofya huku na kule. Nilionelea bora nishike kazi ya mtafiti mmoja na kuangalia kama ghala litaniwezesha kuifuata hatua kwa hatua, na mtafiti niliyemchagua ni Ian Wilson, mzaliwa wa Scotland, ambaye mwaka 1981, akiwa katika maabara ya Don Wiley huko Harvard, alishiriki kuufichua muundo wa protini inayochomoza juu ya virusi vya mafua, na ambaye tangu mwaka 1982 amekuwa katika taasisi ya Scripps, California. Swali lililomshughulisha kwa miaka yote hiyo ni lile lile ambalo mwanafunzi mwerevu wa kidato cha sita huliuliza: kingamwili inaijuaje sehemu ya kuishika virusi, na kwa nini baadhi ya kingamwili zinavizuia virusi vya aina nyingi ilhali nyingine zinashindwa mara tu virusi vinapobadilika kidogo? Katika utafutaji wa kina unaweza kuandika jina la ukoo la mtafiti na herufi za mwanzo za majina yake mengine, na ghala litakuletea kila muundo ambao jina lake limo miongoni mwa waandishi. Kwa Wilson yanakuja mamia ya matokeo. Wingi huo ni mtihani wa kwanza, kwa sababu ghala halikwambii ipi ni kazi kubwa na ipi ni ndogo. Linakupangia kwa tarehe au kwa ubora wa vipimo, na kuchambua unabaki nako wewe.

Nilipochambua, muundo ulionilipa zaidi darasani haukuwa wa virusi vya kutisha wala ugonjwa mpya. Ni jozi ya maingizo ya mwaka 1992, yaani 1HIL na 1IFH. Yote mawili yanaonyesha kingamwili moja ya panya iitwayo 17/9, ila katika 1HIL kingamwili iko peke yake, na katika 1IFH imeshika kipande kifupi cha protini ya virusi vya mafua. Vitabu vyetu vinaeleza ukutanaji wa kingamwili na antijeni, yaani kile kitu kigeni ambacho kingamwili hukishika, kwa mfano wa kufuli na ufunguo, na mfano huo unamkaa mwanafunzi kichwani hadi chuoni. Mwalimu akifungua zana ya kulinganisha miundo, akaandika alama hizo mbili na kuchagua mnyororo mzito (ule mrefu kati ya minyororo inayoiunda kingamwili) katika kila moja, kompyuta inailaza miundo hiyo mmoja juu ya mwingine, na kila kitu kinalaliana karibu kabisa isipokuwa kwenye ncha, ambako kitanzi cha tatu cha mnyororo mzito, yaani kipande chake kilichojikunja, kimehama kutoka mahali pake na kujipanga upya ili kuipa antijeni nafasi ya kuingia. Huo ndio uliokuwa ujumbe wa Wilson na wenzake mwaka huo, kwamba kingamwili haingojei tu kitu kinachoilingana, bali inaweza kujirekebisha inapokutana nacho. Nilipoizungusha picha polepole, mwanafunzi mmoja wa mstari wa mbele akasema, "Kumbe maalim, ufunguo ukiingia na kufuli nalo linajigeuza!" Sikuwa na haja ya kuongeza neno, na ukweli ni kwamba sijui ningeliwafikisha wapi kwa chaki na ubao.

Ingizo la pili ambalo ningelimshauri kila mwalimu alifungue ni hilo 1HZH la mwaka 2001. Hii ni kingamwili nzima ya binadamu, jambo ambalo ni adimu mno ghalani, kwa sababu kingamwili nzima ina viungo vinavyochezacheza na hukataa kutulia katika fuwele, ambayo watafiti huitegemea ili kuupima muundo. Jina lake ni b12, nayo ilitokana na uboho wa mtu aliyekuwa akiishi na virusi vya UKIMWI. Minyororo yake minne imepewa herufi: H na K ni mizito, L na M ni miepesi, na ukiipaka kila mmoja rangi yake wanafunzi wanaona mara moja kwamba kila mkono wa molekuli umeundwa kwa mnyororo mwepesi mmoja na nusu ya mnyororo mzito, wakati shina limeundwa kwa nusu mbili zilizobaki za minyororo mizito. Jambo linalowashangaza ni umbo. Hakuna herufi Y iliyonyooka. Mkono mmoja umeinama kuelekea upande wa shina, mwingine umetupwa mbali, na ukiitazama molekuli kutoka juu huoni ulinganifu wowote. Kwenye ncha ya kila mkono, kitanzi kile cha tatu cha mnyororo mzito ni kirefu kuliko kawaida na kimechomoza kama kidole kinachotafuta ukoko kwenye kitako cha sufuria, na kwa kidole hicho b12 huingia katika kishimo ambacho virusi vya UKIMWI hukitumia kujibandika kwenye seli za kinga. Virusi vinaweza kubadilisha sehemu nyingi za ngozi yao ili kukwepa kingamwili, lakini kishimo hicho hawawezi kukiacha, maana ndiyo njia yao ya kuingilia.

Hapa ndipo inapokuja tahadhari ya kwanza. Mwanafunzi akiona umbo lile lililopinda ataondoka akiamini kwamba kingamwili zote zimepinda hivyo hivyo, na ghala halina chochote kwenye ukurasa wa 1HZH kitakachomzuia asiamini. Lililoonyeshwa pale ni pozi moja ambalo molekuli ilinaswa nalo ndani ya fuwele. Mwilini viungo vyake vinapinda na kunyooka muda wote. Basi mwalimu aliseme hilo kabla hajaiwasha projekta, kwa sababu picha ikishaingia machoni, maneno yanayokuja baadaye hayana nguvu.

Katika mfululizo huo huo wa Wilson ipo kingamwili iitwayo 2G12, ambayo muundo wake ukiwa umeshika sukari umehifadhiwa kwa alama 1OP5. Mikono yake miwili imebadilishana vipande, ikakaa sambamba badala ya kutanuka, na kwa umbo hilo geni inaweza kuyashika makundi ya sukari ambayo virusi vya UKIMWI hujifunika nayo ili visionekane. Ni kituko kizuri cha kuwaonyesha wanafunzi waliokwisha kuelewa mambo ya msingi, ila kwa wanaoanza kinachanganya, nami nimeacha kukitumia katika kipindi cha kwanza.

Tahadhari ya pili ni kubwa zaidi, na inahitaji maelezo ya historia. Maingizo mengi mno ya kingamwili ghalani si ya kingamwili nzima. Ni ya mkono mmoja tu, kipande kinachoitwa Fab, na chanzo cha desturi hiyo ni kazi ya Rodney Porter wa Uingereza, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1950 aliikata kingamwili katika vipande vitatu kwa kutumia papaini, kimeng'enya kinachopatikana kwenye utomvu wa papai bichi, hicho hicho kinacholainisha nyama ngumu katika majiko yetu. Vipande viwili vilibaki na uwezo wa kushika antijeni, na cha tatu hakikuwa nao. Kwa kazi hiyo Porter aligawana Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1972 na Gerald Edelman wa Marekani, ambaye kwa njia nyingine alikuwa ameonyesha kwamba kingamwili imejengwa kwa minyororo mizito na miepesi. Tangu hapo watafiti wanaotaka kuona mahali pa mshiko huutenga mkono na kuuacha mwili, kwa kuwa mkono peke yake ni mgumu usiochezacheza na hukubali kuunda fuwele. Mtafiti anayajua hayo. Mwanafunzi wa Mwembeladu au wa Chake Chake hayajui, na anapofungua ingizo lililoandikwa kuwa ni la kingamwili akakuta kitu kisicho na shina wala mkono wa pili, ataona ama kitabu kimemdanganya ama kompyuta imeharibika.

Mfano wa wazi ni 3GBN, ingizo la mwaka 2009 kutoka maabara hiyo hiyo ya Scripps. Linaonyesha mkono wa kingamwili ya binadamu iitwayo CR6261 ukiwa umeshika protini ya virusi vya mafua vya mwaka 1918, vile vilivyoua mamilioni ya watu duniani. Kingamwili nyingi za mafua hushika kichwa cha protini hiyo, sehemu inayobadilika kila msimu, na ndiyo sababu chanjo ya mafua inabadilishwa mara kwa mara. CR6261 haigusi kichwa. Imekwenda kushika shina, ambako mabadiliko ni machache, na kwa hiyo ina uwezo wa kuzuia aina nyingi za mafua, pamoja na zile za ndege za H5. Ukiikaribia picha unaona jambo la ajabu zaidi, nalo ni kwamba mnyororo mwepesi haugusi virusi hata kidogo, na kazi yote ya kushika inafanywa na mnyororo mzito peke yake. Hili ni somo la dakika kumi lenye maana kubwa, mradi mwalimu awe amekwisha kueleza kwamba kilichoko mbele yao ni mkono uliokatwa.

Ama ingizo linalokaribia zaidi maisha ya wanafunzi hawa ni 6W41, kwa kuwa wote walikuwepo wakati wa UVIKO-19 na wote wanakumbuka skuli zilivyofungwa. Wakati huo hapakuwa na muda wa kutafuta kingamwili mpya, basi maabara ya Wilson ikaichukua CR3022, kingamwili ambayo miaka mingi nyuma ilitoka kwa mgonjwa aliyepona SARS, na kuipima juu ya mwiba wa virusi vipya, yaani ile protini inayochomoza juu yake. Muundo ulipatikana katika majira ya kuchipua ya mwaka 2020, miezi michache tu baada ya ugonjwa kutangazwa. Wanafunzi wanaposikia hivyo hudhani kwamba huo ulikuwa mwisho mwema, lakini sivyo. Kati ya asidi amino 28 (vijenzi vidogo vya protini) ambazo CR3022 inazigusa, 24 ni zile zile katika virusi vya SARS na vya UVIKO-19, na pamoja na kufanana kote huko, mshiko wake juu ya virusi vipya ulikuwa dhaifu zaidi ya mara mia, na katika majaribio hayo haikuweza kuvizuia virusi hivyo kuingia katika seli. Tofauti ndogo katika pahali pa kushikia ilitosha kuubadilisha mshiko wote.

Kuna jambo lingine ndani ya 6W41 ambalo picha yenyewe haionyeshi, nami naliona kuwa ndilo pungufu kubwa la huduma hii kwa matumizi ya skuli. Picha ina mkono wa kingamwili na kipande kidogo tu cha mwiba, kile ambacho virusi hukitumia kuishikia seli. Ukiiangalia hivyo, mahali pa mshiko panaonekana peupe kabisa, kana kwamba kingamwili yoyote ingelifika pale bila taabu. Lakini mwiba mzima una vipande vitatu vya aina hiyo vinavyoinuka na kulala, na mahali pale panakuwa pamefichika ndani mpaka angalau viwili kati yake viwe vimeinuka. Ili mwanafunzi aelewe, inabidi mwalimu afungue pia 6VSB, muundo wa mwiba mzima uliotolewa Februari 2020 kwa hadubini ya elektroni, ambao una kipande kimoja tu kilichoinuka, kisha aulaze muundo wa kwanza juu yake ili waone kingamwili inavyogongana na mwili wa mwiba wenyewe na kukosa nafasi. Hilo linawezekana, na zana zipo, ila hakuna mahali katika ukurasa wa 6W41 panapomwambia mgeni kwamba bila ya hatua hiyo atakuwa ameona nusu ya habari. Maelezo hayo yamo katika makala ya kisayansi iliyounganishwa na ingizo, nayo imeandikwa kwa ajili ya wataalamu.

Nikiacha mambo ya maudhui na kuitazama huduma kama huduma, kitazamio chake cha pande tatu, kiitwacho Mol*, kinafunguka ndani ya kivinjari cha kawaida bila ya kusakinisha kitu. Unaweza kuzungusha, kukaribisha, kupaka rangi kwa minyororo, kupima umbali kati ya atomu mbili, na kuhifadhi picha. Miundo midogo kama mkono mmoja wa kingamwili inafunguka hata kwenye simu za bei nafuu ambazo wanafunzi wengi wanazo. Mwiba mzima wa virusi ni mzigo mzito kwa simu hizo, na hapo kompyuta inahitajika. Faili lenyewe ni dogo, wala halimalizi bando, lakini kila unapofungua ukurasa upya unapakua tena picha na vikorokoro vyake. Mimi nimezoea kupakua mafaili nikiwa mahali penye intaneti ya uhakika na kuyafungua darasani kwa programu ya ChimeraX, ambayo ni bure kwa matumizi yasiyo ya kibiashara na haihitaji mtandao ikishasakinishwa. Kwa skuli za mashamba na za Pemba, ambako mtandao hubadilika kwa saa, ningesema hiyo ndiyo njia pekee ya kuaminika.

Jambo ambalo limenifurahisha kuliko nilivyotarajia ni uwazi wa ghala juu ya ubora wa data zake. Karibu na kila muundo kuna mistari midogo yenye rangi kutoka nyekundu hadi buluu inayoonyesha ubora wa vipimo ukilinganishwa na miundo mingine, na pia kuna tarakimu ya uwazi wa picha kwa angstromu, kipimo kidogo mno cha urefu, ambapo tarakimu ndogo ni bora zaidi. Mwanafunzi anayejifunza kwamba kipimo cha kisayansi huja na kiasi cha mashaka kilichotajwa hadharani amejifunza kitu kikubwa zaidi ya umbo la kingamwili. Ila azingatie jambo moja: tangu mwaka 2022 utafutaji unaweza pia kuleta miundo iliyokisiwa na kompyuta, zaidi ya milioni moja, na hiyo haikupimwa na mtu. Ukisio wa kompyuta umekuwa mzuri sana kwa protini nyingi, lakini vile vitanzi vya ncha ya kingamwili, hasa cha tatu cha mnyororo mzito, ni miongoni mwa vitu vinavyoisumbua zaidi. Kitufe cha kuiingiza miundo hiyo katika matokeo kipo, nami nashauri kizimwe darasani.

Kasoro isiyo na udhuru kwangu ni lugha. Mlango wa Japani unawahudumia Wajapani kwa lugha yao; sisi tunaozungumza Kiswahili, tulioenea Afrika Mashariki na Kati yote, hatuna hata ukurasa mmoja. Kila neno katika kitazamio ni la Kiingereza, tena Kiingereza cha maabara. Nimelazimika kuandaa karatasi ya maelezo kwa Kiswahili kwa kila ingizo ninalolifundisha, na ingawa kazi hiyo imenifaa mimi mwenyewe, si kila mwalimu ana muda huo baada ya vipindi na usahihishaji. Hainistahili kuwalaumu waendeshaji wa mlango wa Marekani, walioko New Jersey na San Diego, peke yao, kwani vyuo vyetu vina wataalamu wa biolojia na wa lugha, na karatasi kama hizo zingeliweza kuandikwa mara moja na kutumiwa na skuli zote za Unguja na Pemba.

Upande wa elimu wa ghala, uitwao PDB-101, ni rafiki zaidi. Humo kila mwezi tangu Januari 2000 huandikwa makala fupi kuhusu molekuli moja, kwa muda mrefu ikiandikwa na kuchorwa na David Goodsell, mtaalamu wa Scripps mwenye kipaji cha rangi; ile ya kingamwili ni ya Septemba 2001, nayo hadi leo ni mahali pazuri pa mwalimu kuanzia kabla hajagusa kitazamio. Humo pia kuna vielelezo vya kuchapisha, kukata na kugundisha, na nilichokitumia mimi ni cha virusi vya homa ya kidingapopo, ugonjwa ambao hauhitaji utangulizi kwa watu wa pwani baada ya mlipuko wa Dar es Salaam wa mwaka 2014 na ule wa mwaka 2019. Duka la uchapaji nililokwenda Darajani lilinichapishia kwa karatasi laini ya kawaida, mikunjo ikalegea na mpira ukabonyea kabla ya gundi kukauka. Kwa hiyo sisitiza upate karatasi ngumu, hata kama bei inapanda kidogo. Virusi hivyo vimefunikwa na protini moja iliyorudiwa mara 180 na kupangwa wawili wawili, na mwanafunzi aliyekunja karatasi hiyo kwa mikono yake anaelewa haraka kwa nini kingamwili zilizoelezwa mwaka 2015, ambazo moja yake imo katika ingizo 4UTA, zinaweza kuzuia aina zote nne za kidingapopo: zinashika mahali ambapo protini mbili zinakutana, na kuubadilisha mpaka huo bila ya kuuvunja ushirikiano wao ni jambo gumu kwa virusi.

Iko pia huduma ya Oxford iitwayo SAbDab, inayochukua kutoka PDB miundo ya kingamwili pekee na kuipanga kwa namna inayorahisisha kulinganisha vitanzi. Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu au kijana anayetamani kufanya utafiti katika maabara kama ile ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi, Pemba, ni ya thamani. Kwa skuli sioni haja yake.

Wala asiingie katika PDB mtu anayetafuta ushauri wa tiba au majibu kuhusu chanjo ya mtoto wake. Hatapata kitu isipokuwa tarakimu na picha, na picha ya kingamwili iliyoshika virusi si ushahidi kwamba dawa fulani inaponya. CR3022 inatosha kuwa mfano.

Mwalimu anayetaka kuanza muhula ujao, ningemshauri asome kwanza makala ile ya Septemba 2001, kisha afungue 1HZH akiwa peke yake nyumbani mpaka azoee kuzipata H, K, L na M bila ya kubahatisha, na baada ya hapo apeleke darasani 1HIL na 1IFH. 3GBN inafuata vizuri ikiwa muda upo. 6W41 asiipeleke bila ya 6VSB kuwa tayari pembeni yake, na 6VSB asiifungue kwa mara ya kwanza mbele ya wanafunzi kwa kutegemea bando la simu.